Kipimo cha Fundi

Wateja wetu hawakumwita wifi yangu kwa jina lake. Walimwita Kipimo, tena kwa heshima, kwa sababu bila yeye kaka yangu asingeweza kushona hata mkono mmoja wa gauni.

Kaka yangu ni fundi cherehani. Anashonea wanawake wanene, na hapa naomba mtu asinikunjie uso, maana neno hilo limeandikwa mlangoni kwetu kwa rangi nyekundu na wateja wenyewe ndio waliotaka liandikwe. Walichoka kuingia madukani na kuambiwa na visichana vyenye kiuno cha nyigu kwamba saizi yao haipo, huku vikiwatazama kama watu waliopotea njia. Kwetu saizi yao ndiyo iliyokuwepo. Zisizokuwepo ni zile nyingine.

Mafundi wengine hupima kwa futi. Futi kaka alikuwa nayo, ilining'inia msumarini nyuma ya mlango mpaka ikabadilika rangi. Yeye alipima kwa mkewe. Katikati ya chumba cha kushonea palikuwa na ubao, yaani stuli fupi na pana aliyoigongomea mwenyewe ikagoma kuyumba, na wifi yangu alipanda juu yake kila asubuhi akishamaliza chai. Mteja akiingia, kaka humtazama kichwani mpaka miguuni, humtazama mkewe, kisha husema, "Wewe ni Kipimo, ongeza vidole viwili kifuani, punguza kimoja nyonga." Hapo kazi imekwisha. Anamzungushia mkewe kitambaa, anabandika pini, anaongeza na kupunguza vidole vyake, anakata. Na gauni linakaa. Nimeshona vifungo na kupiga pasi pale tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sikuwahi kuona gauni la kaka likimkataa mwenyewe.

Kaka si mtu wa maneno, na akishatia pini mdomoni ndiyo kabisa. Neno lake la ubaoni lilikuwa moja tu: "Geuka." Wifi anageuka. "Geuka." Anageuka tena. Kutoka meza ya vifungo nilikuwa nawaona vizuri. Anapitisha mikono kiunoni kwa mkewe ili kukaza kitambaa, mikono haikutani upande wa pili, anacheka kwa pua kwa ajili ya zile pini, na wifi anasema, "Ongeza mikono, Fundi, au punguza mke." Utani huo niliusikia mpaka nikauchoka, na baadaye nikautamani.

Baada ya chakula cha mchana wifi alijilaza kidogo nyuma ya pazia, juu ya marobota ya vitambaa. Alikoroma. Sitii chumvi nikisema alizishinda cherehani zote mbili. Tulishazoea, kelele zetu na zake zilikwenda pamoja. Kilichotutisha ni mkoromo ulipokatika. Ulikuwa ukipanda, unapanda, halafu kimya. Kaka anaondoa mguu kwenye cherehani. Mimi nabaki na sindano hewani. Mteja aliye katikati ya maneno ananyamaza bila kuambiwa. Tunakaa hivyo, roho mkononi, mpaka pumzi irudi kwa kishindo, ndipo mguu wa kaka unarudi mahali pake na mteja anamalizia alichokuwa akisema.

Siku moja pumzi haikurudi mpaka kaka alipokwenda kumtikisa. Midomo ya wifi ilikuwa imegeuka rangi. Kabla ya juma kwisha tulikuwa hospitalini.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimpima damu, akamlaza usiku mmoja wamwangalie anavyopumua, kisha akatuita sote watatu. Akaeleza kwamba usingizini njia ya hewa shingoni inazibwa na uzito, moyo unachoka, na sukari nayo imeanza kupanda. Hakumsimanga, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Wifi alishawahi kuambiwa na wengine afunge mdomo, kama vile mdomo wake ni zipu. Huyu alisema unene ni ugonjwa kama magonjwa mengine, kumwaibisha mtu hakumtibu, na dawa ipo. Ni sindano ya chini ya ngozi ya tumbo, mara moja kwa wiki, dozi inaanza chini na kupanda polepole. Inatuliza njaa. Inaweza kuleta kichefuchefu na kufunga choo, na tumbo likiuma vibaya aje haraka. Pia asimgawie mtu, hata shoga yake akimlilia.

"Na nikishapungua naacha?" wifi akauliza.

"Wengi wakiacha, uzito unarudi," daktari akasema. "Ichukulie kama dawa ya presha, mama. Unakwenda nayo."

Kaka alikuwa hajafungua mdomo tangu tuingie. Akauliza, "Atapumua?"

"Atapumua vizuri zaidi."

"Basi mpe," kaka akasema.

Binti yao, ambaye anafanya kazi mbali, alibeba gharama, na habari ya gharama naiacha hapo. Sindano zenyewe zilikuwa na umbo la kalamu, kwa hiyo tukaziita kalamu. Zilikaa kwenye friji ya nyumba yao, ambayo ni mlango wa pili tu nyuma ya chumba cha kushonea. Kila Ijumaa wifi alikunja gauni, akavuta pumzi, akajichoma.

Miezi ya kwanza alitapika, akalaani, akasema daktari amemtia sumu. Kisha tumbo likatulia, na njaa ikaondoka. Mtu asiyemjua wifi hawezi kuelewa jambo hilo lilivyotutikisa. Mimi na yeye tulikuwa tukila pamoja mchana, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa ukoko wa wali. Tuligombania ukoko ule kwa vijiko, tukaitana majina, mpaka kaka akasogeza sahani yake mbali. Sasa akawa anausukuma upande wangu.

"Kula wewe, wifi."

"Umenuna?"

"Sijanuna. Najua ni mtamu. Nakumbuka kabisa kwamba ni mtamu. Ila hauniiti."

Nikaula peke yangu, na bila ugomvi haukuwa na ladha yoyote.

Lakini alipumua. Hilo siwezi kulidhulumu. Alilala nyuma ya pazia kimya kama mtu aliyetoka nje, na kaka, aliyekuwa amezoea kutishwa na kimya, hakupata raha. Alisimamisha cherehani mara kwa mara, akaenda kunyanyua pazia, akatazama kifua cha mkewe kikipanda na kushuka, akarudi. Halafu anakwenda tena. Nilimwambia kazi ya watu italala, akanipa kisogo.

Kisha magauni yakaanza kurudi.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mkuu wa shule iliyo nyuma yetu, mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kusimamisha mvua. Alishonewa gauni la mahafali. Akalileta chini ya kwapa, ana haya, kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Zipu ilikuwa imegota katikati ya mgongo.

"Fundi hakosei," alisema. "Ni mimi na mikate yangu ya asubuhi. Nitajinyima wiki mbili nirudi."

Akaja mwingine, naye akajilaumu. Kina mama wa kwaya walikuja kwa kundi, kila mmoja anaungama alichokula. Hakuna hata mmoja aliyemlaumu fundi. Kwa muda mfupi tu tulikuwa tumewalaza na njaa wanawake nusu ya mtaa, na kaka alikuwa akifumua na kushona tena, bado magauni yanabana, macho yamemtoka.

Mimi ndiye niliyeliona, na sikuliona kwa akili yoyote, niliinua tu uso kutafuta mkasi. Wifi alikuwa ubaoni. Kaka amepitisha mikono kiunoni kwake kama siku zote, anakaza kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimekutana upande wa pili. Vilikuwa vimepishana, vimefungamana, na mwenyewe hana habari. Alikuwa akimshika mwanamke yule kila siku, naye amepungua kidogo kidogo, na mikono ikawa inamfuata bila kumwambia mwenye nayo.

"Kaka," nikasema, "tazama mikono yako."

Akatazama. Alisimama vile muda mrefu, amemkumbatia mkewe mbele ya wateja wawili, kisha akaiachia polepole, akatema pini kiganjani.

"Ulijua?" akamuuliza mkewe.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

 Wifi akashuka ubaoni bila kushikwa mkono, kitu ambacho zamani asingekiweza, na hakuna aliyemsifu.

Kaka hakulala siku hizo, au kama alilala sijui lini. Alichukua gauni kuukuu la wifi, akalijaza sponji na vipande vya vitambaa, akalikaza hapa, akalilegeza pale, bila futi, amefumba macho kabisa wakati mwingine, mikono ndiyo inakumbuka. Akalisimamisha kwenye mti na kuliweka juu ya ubao. Nilipoliona asubuhi moyo ulinilipuka. Alikuwa ni wifi yule wa zamani, mgongo wake, nyonga zake, hata bega la kushoto lililoinama kidogo. Kilichokosekana ni kichwa tu.

Magauni yakaanza kukaa tena. Mwalimu Mkuu akarudi kwenye mikate yake. Kina mama wa kwaya walicheka mpaka wakashikana, wakalipa lile sanamu jina la Bi Mkubwa, wakamtania wifi kwamba Fundi ameongeza mke, tena anayefanana naye. Wifi alicheka nao. Alikuwa hodari wa kucheka na watu.

Yeye sasa alikaa nami meza ya vifungo. Alivaa magauni yake yale yale yaliyompwaya, akajifunga mkanda juu, akitunga uzi kwenye sindano. Kila mtu alimsifu. Kina mama walimzunguka kumwomba siri, wakamwomba na kalamu, akawarudisha kwa daktari. Alipanda ngazi za soko bila kupumzika. Sukari ilishuka. Angekuwa mtu mwingine angefanya sherehe. Yeye alikaa akitazama ubao.

Ndipo siku moja kaka, pini mdomoni, kitambaa cha bluu amemzungushia Bi Mkubwa, akasema kwa mazoea, "Geuka."

Wifi, pale mezani kwetu, amekaa, sindano mkononi, akageuka.

Sijui kama kaka aliona. Alilizungusha sanamu kwa mkono akaendelea na kazi. Wifi alirudi mahali pake, akainama, na kifungo alichokuwa akishona akakishona upya mara nyingi mno, mpaka nikamnyang'anya. Nilimhurumia hadi nikakasirika, na hasira yangu sikujua niipeleke wapi, maana kwenye chumba kile hapakuwa na mbaya.

Baada ya muda, mchana mmoja, kijiko chake kikagonga kijiko changu. Alikuwa anataka ukoko. Nilifurahi jamani. Niliupigania kwa nguvu zangu zote, nikamwita mlafi, akaniita mchawi, na yeye ndiye aliyeshinda. Kesho yake vilevile. Nilidhani mwili umezoea dawa. Hadi nilipokwenda kutafuta maji baridi kwenye friji yao, nikakuta kasha la kalamu limefungwa vilevile kama lilivyotoka duka la dawa, na mwezi ulikuwa ukingoni.

Nilimkuta uani anasugua sufuria.

"Wifi, hujachoma."

"Nimesahau."

"Usinifanye mtoto."

Akaendelea kusugua. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kaka yako tangu anioe hajaniambia kitu. Wewe unamjua. Hajawahi kusema nimependeza, hajawahi kusema amenikumbuka. Mimi sikulalamika, kwa sababu pale ubaoni alikuwa ananiambia. Kila siku, kwa mikono. Sasa anamwambia yule."

"Lile ni gunia, wifi."

"Najua ni gunia. Nimezidiwa na gunia, unadhani haliumi?" Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Walinituliza njaa, wakafanya vizuri. Hii nyingine hawakuniambia kama itakuja. Nikinenepa nitarudi juu ya ubao wangu."

"Utarudi na ile pumzi inayokatika."

"Nitarudi," akasema.

"Basi mwambie mumeo."

"Nimwambie nini? Kwamba nina wivu na sponji?"

  Akaniomba nisimwambie kaka, nami nikakubali kwa shingo upande, nikijua sitaweza kwa muda mrefu.

Sikuhitaji kuweza. Wiki chache baadaye, mchana, mkoromo ukasikika nyuma ya pazia. Ulianza mdogo, kisha ukakolea. Nikamtazama kaka. Nitasema nilichokiona: uso wake ulifunguka. Alikuwa akishona huku anatabasamu, kama mtu aliyesikia mgeni wake ameingia uani. Alikuwa ameukosa mkoromo ule miezi yote hiyo na hakumwambia mtu.

Kisha ukakatika.

Mguu wake ukaondoka kwenye cherehani. Sindano yangu ikabaki hewani. Tukasubiri. Tabasamu lilimtoka usoni polepole, na pumzi haikuja. Kaka aliruka meza, akalichana pazia badala ya kulifungua, nikamsikia anamtikisa na kumwita kwa jina lake, jina halisi ambalo hata mimi nilikuwa nimesahau linavyosikika. Ndipo hewa ikaingia kwa kishindo.

Nilisimama pale pale. Pazia lililochanika halikuficha kitu. Kaka alikaa chini, kichwa amekiegemeza kwenye robota.

"Umeacha dawa," akasema.

"Nimeacha."

"Kwa nini?"

"Nataka ubao wangu," wifi akasema.

Kaka hakuelewa. Nilimwona haelewi, na nilitamani kumpiga kwa pasi. Kisha wifi akamwambia yote aliyoniambia mimi, bila kupunguza, hata habari ya gunia, hata ile siku aliyogeuka.

 Kaka akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mbele yangu. "Nilimshona yule kwa sababu mikono ilikuwa inakusahau," alisema. "Kila siku nilikuwa nakushika, na kila siku wa zamani anaondoka. Nikaona nisipofanya haraka sitakumbuka tena ulivyokuwa. Mimi naye tunakaa pale tunakungoja wewe. Hakuna mwingine tunayemzungumzia."

"Na mimi niko hapa nashona vifungo."

"Nilikuonea haya," kaka akasema. "Umekuwa mwanamke nisiyemjua. Nisingejua nianzie wapi kukushika."

Akainuka. Akaenda nyuma ya mlango, akaitoa ile futi msumarini, akaipuliza vumbi. Akamkumbatia Bi Mkubwa akamshusha, akamweka kando ya dirisha kwa adabu. Akaufuta ubao kwa kiganja.

"Panda," akamwambia mkewe.

Akampima kwa futi, kwa mara ya kwanza tangu amwoe. Bega, kifua, kiuno. Aliishika futi kama mwanagenzi. Kila alipofika kwenye namba aliinama kuitazama, kisha akamtazama mkewe usoni, kuhakikisha ni ya mtu yule yule. "Geuka," alisema, na wifi akageuka, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, na hakujisumbua kuyafuta.

Walirudi kwa daktari. Hakumkaripia, alisema wengi huacha kwa sababu zao. Ila kwa kuwa muda umepita asingerudia dozi ile ya juu, angeanza chini tena na kupanda polepole. Kichefuchefu kikarudi, ukoko ukarudi kwangu. Ijumaa kaka ndiye aliyeshika kalamu na kumchoma mwenyewe.

Na alimshonea gauni, la rangi ya zambarau, gauni dogo kuliko yote yaliyowahi kutoka chumba kile. Lilipofika kwangu kupigwa pasi nililigeuza ndani nje, nikashangaa. Kila mshono ulikuwa umeachiwa kitambaa cha ziada upana wa kiganja, pande zote, kimekunjwa vizuri na kushikizwa kwa uzi mwepesi. Hakuna fundi mwenye akili timamu anayeacha kitambaa hivyo.

"Kaka, hiki chote cha nini?"

Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akaziweka mezani, na jibu akampa mkewe badala yangu.

"Dawa sijui itatufikisha wapi," alisema. "Ukirudi kama zamani, nitafumua. Ukizidi kupungua, nitabana. Kitambaa nimeacha cha kutosha. Wewe pumua tu."

Wifi akalivaa pale pale, akapanda ubaoni. Kaka akapitisha mikono kiunoni kukaza mshono, ikakutana upande wa pili, ikapitana, viganja vikafika karibu na viwiko. Akabaki ameganda, hajui aipeleke wapi mikono ile miwili mirefu.

"Mikono imebaki," akasema.

"Ibaki hapo hapo," wifi akamjibu.

Nikainamia vifungo vyangu, kwa sababu mle ndani hapakuwa na pengine pa kutazama.